Usiniulize mimi ni mwanafunzi wa aina gani, niulize leo nasoma nini

Mtihani ukikaribia, ile fomu huanza kuzunguka tena kwenye makundi ya simu. Unaijua. "Ukipotea mjini, ungependa kuchorewa ramani au kuelekezwa kwa mdomo?" Unajibu maswali kadhaa ya namna hiyo, mwishowe unaambiwa wewe ni mtu wa kuona, au wa kusikia, au wa kutenda kwa mikono, na kuanzia leo usome kulingana na mtindo wako. Watu hufurahi kweli. Wanaandika "mimi ni wa kuona!" kama mtu aliyepata matokeo ya kipimo cha damu.

Mimi siijazi. Naandika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru na jioni nasomea CPA, sifa ya kitaaluma ya uhasibu. Muda wangu wa kusoma ni ule unaobaki duka likishafungwa, sufuria zikishaoshwa na mtoto akishalala. KASNEB, bodi inayotahini wahasibu Kenya, hutahini Aprili, Agosti na Desemba, na mwaka una tabia ya kukimbia kati ya miezi hiyo. Jambo lisiloniongezea alama sina pa kuliweka.

Kuna mwezeshaji mmoja aliyewahi kutukusanya katika ukumbi wa hoteli mjini, akatutoza shilingi mia tano kila mmoja, akatugawa kwenye pembe nne za chumba kulingana na majibu ya fomu. Wa kuona kule, wa kusikia huku. Wa kuona wakaambiwa wanunue kalamu za rangi. Chai ilikuwa nzuri, hilo nakubali. Lakini niliporudi nyumbani na kufungua swali la kodi, nilijiuliza kalamu ya rangi ingenisaidia nini pale.

Fomu yenyewe ina historia ya heshima. Inayojulikana zaidi inaitwa VARK na ilitoka kwa Neil Fleming wa New Zealand, aliyekuwa mkaguzi wa shule za sekondari. Aliona walimu hodari ambao baadhi ya wanafunzi hawakuwaelewa, na walimu wa kawaida ambao wanafunzi haohao waliwaelewa, akataka kujua kwa nini. Mwaka 1992 yeye na Colleen Mills walichapisha mgawanyo wa njia nne: kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na kutenda. Yalikuwa maswali ya kumfanya mwanafunzi ajifikirie, na kwa hilo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na waliokuja nyuma wakayageuza kuwa dawa. Kufikia 2004, Frank Coffield na wenzake huko Uingereza walipokaa kuihesabu mifumo ya mitindo ya kujifunza, walikuta 71. Mifumo 71! Kama kila mmoja una aina tatu au nne tu za watu, basi mimi ni watu wengi kuliko abiria wa matatu ya mtaa wetu wa Free Area saa kumi na mbili jioni.

Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, waliuliza swali ambalo mhasibu yeyote angeliuliza: ushahidi uko wapi? Wakaeleza ushahidi wenyewe ungepaswa kuwaje. Chukua watu wanaojiita wa kuona na wanaojiita wa kusikia. Kila kundi ligawe mara mbili bila upendeleo, nusu wafundishwe kwa picha na nusu kwa maneno ya kusikiliza. Kisha wote wape mtihani mmoja. Nadharia ikiwa kweli, wa kuona watawika walikofundishwa kwa picha, na wa kusikia watawika walikofundishwa kwa sauti. Ukikuta picha imewasaidia wote, au haikumsaidia yeyote, nadharia imeanguka. Walipopitia maandiko wakakuta tafiti zilizofuata utaratibu huo ni chache mno, na kadhaa kati ya hizo zilitoa majibu yanayoipinga nadharia. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hakuna msingi wa kutosha wa kufundisha watu kwa kufuata mitindo hiyo.

Kwamba watu wana mapendeleo, hilo ni kweli tupu. Mimi mwenyewe napenda kusoma kuliko kusikiliza, ukiniwekea mhadhara wa saa moja kwenye simu nitasinzia dakika ya kumi. Ila kupenda njia fulani hakumaanishi kwamba njia hiyo ndiyo inayoingiza somo kichwani. Na usichanganye mambo haya na matatizo halisi. Mtoto asiyeona ubao anahitaji miwani, na mwenye shida ya kusikia au ya kutambua herufi anahitaji msaada wake maalumu. Huyo hana "mtindo", ana haja.

Kinachoniudhi zaidi kilinifika nyumbani. Mwalimu mmoja alimwandikia binti yangu kwenye ripoti kwamba ni "mwanafunzi wa kutenda zaidi kuliko kusoma". Mtoto wa gredi ya tatu. Tangu siku hiyo nikimwambia lete kitabu cha hadithi, ananijibu, "Mama, mimi si wa kusoma, mimi ni wa kutenda." Nilienda kuongea na mwalimu kwa adabu zote, na yeye akasema alikuwa anamsifu. Huenda. Lakini mtoto alishapewa sababu ya kukikimbia kitabu, tena sababu yenye muhuri wa shule.

Sasa nieleze tunavyofanya sisi. Tunakutana watu wanne katika chumba cha nyuma cha saluni moja hapa Free Area, wateja wakishaondoka. Yuko mama mwenye saluni, anayesomea cheti cha urembo. Yuko dada anayesomea uuguzi. Yuko kijana wa boda anayerudia KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kama mtahiniwa wa kibinafsi. Na mimi, ambaye wananiita Madam ingawa sijawahi kushika chaki. Masomo yetu hayafanani hata kidogo, na ndiyo maana kikundi hiki kimenifunza mengi kuliko darasa langu la CPA. Ukiona watu wanne wanahangaika na vitu vinne tofauti juu ya meza moja, unaona wazi kwamba somo lenyewe ndilo linaloamua lishikwe vipi.

Dada muuguzi alikuwa na moyo. Namaanisha mada ya moyo, njia ya damu ndani yake. Alikuwa anajiita mtu wa kusikia na alikuwa na rekodi za mhadhiri wake kwenye simu, anazisikiliza akipika. Nikamwambia, dada, hebu tuchoree. Akageuza nyuma ya kalenda ya zamani, akachora vyumba vinne, akasimama. Damu kutoka mwilini inaingia upande upi? Kulia. Inatoka wapi? Akasita, akapeleka mshale moja kwa moja hadi upande wa kushoto. Mama Saluni, ambaye hajui chochote kuhusu uuguzi, akauliza, "Sasa haijapitia mapafuni? Hewa itaipata wapi?" Hapo ndipo yule dada alipoona tundu. Damu inaingia chumba cha juu kulia, inashuka kupitia vali hadi chumba cha chini kulia, inasukumwa mapafuni, inarudi chumba cha juu kushoto, inashuka tena, kisha inasukumwa kwenye aota, mshipa mkuu unaoipeleka mwilini. Kijana wa boda akaongeza swali lake: mbona umechora ukuta wa kushoto mnene? "Kwa sababu huo unasukuma damu mwili mzima, wa kulia unafika mapafuni tu." Alijibu bila kufikiri. Jambo hilo alilisikia kwenye rekodi mara nyingi, lakini alilipata siku aliyoulizwa.

Moyo ni kitu chenye umbo na njia, kwa hiyo lazima uchorwe, hata na mtu wa kusikia. Matamshi ya lugha ya kigeni lazima yasikilizwe, hata na mtu wa kuona. Na hesabu za benki lazima zifanywe kwa kalamu, hata na mimi ninayependa kusoma.

Hebu chukua zoezi dogo la kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Daftari letu linasema tuna 48,200. Benki inasema 61,750. Nani mwongo? Ukisoma mfano uliojibiwa kitabuni utatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, naelewa. Funga kitabu sasa. Kuna makato ya benki ya 450 ambayo hatukuyaandika. Kuna mteja aliyeweka 6,000 moja kwa moja benki bila sisi kujua. Kuna hundi ya 12,000 tuliyompa muuzaji wa saruji ambayo bado hajaipeleka. Na kuna 4,000 tulizoweka jana jioni ambazo benki bado haijazionyesha. Kipi kinarekebishwa upande gani? Wanafunzi wengi huikamata ile hundi wakaiondoa kwenye daftari, ilhali daftarini ilishaandikwa siku ilipotolewa. Inaondolewa upande wa benki. Daftari: 48,200 toa 450 ongeza 6,000. Benki: 61,750 toa 12,000 ongeza 4,000. Pande zote mbili zinafika 53,750, na ile raha ya kuona zimefika sawa hakuna kalamu ya rangi inayoweza kukupa.

Kwa nini basi watu wanang'ang'ania kusoma kurasa zilezile tena na tena? Kwa sababu kusoma mara ya nne ni kwepesi, na wepesi huo tunaudhania kuwa kujua. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hili mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma makala fupi vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, halafu vipindi vitatu likaandika kila linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza: asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yakapinduka. Waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, waliojipima walikumbuka 61. Na walipoulizwa watakumbuka kiasi gani, wale wa kusoma mara nne ndio waliojiamini zaidi. Namjua mtu wa aina hiyo. Ndiye anayetoka chumba cha mtihani akisema, "Nilikuwa nimesoma hiyo, lakini imenitoroka."

Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walizipima mbinu kumi za kudurusu zinazotumiwa sana na wanafunzi. Mbili tu zilipata daraja la juu: kujipima, na kutawanya masomo kwa siku mbalimbali. Kupiga mistari kwa rangi na kusoma upya ziliwekwa chini kabisa. Mbili zile hazikuuliza mtu ni wa kuona au wa kusikia.

Habari ya kutawanya ni ya zamani. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio akikariri silabi zisizo na maana na akachapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua, na marudio yaliyotawanywa yanashika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Sisi tunatumia kadi. Nanunua karatasi ya manila, naikata vipande vya ukubwa wa kiganja, swali mbele, jibu nyuma. Kadi zinakaa kwenye boksi la viatu lenye vyumba vilivyotengwa kwa vipande vya katoni. Chumba cha kwanza kinapitiwa kila siku, cha pili baada ya siku chache, cha tatu kila wiki, na kuendelea. Ukijibu sawa, kadi inasonga mbele chumba kimoja. Ukikosea, inarudi mwanzo bila huruma. Utaratibu huu ulielezwa na mwandishi wa habari Sebastian Leitner mwaka 1972, na ziko programu za simu zinazoufuata, lakini mimi napenda boksi. Simu ukiishika kusoma kadi, dakika mbili baadaye uko kwenye video ya mtu anapika chapati.

Neno la tahadhari kuhusu kadi: swali likiwa dhaifu, utakariri karatasi. "Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia ngapi?" Kumi na sita, imekwisha, umejifunza tarakimu. Kadi yangu ninayoipenda inauliza hivi: mwenye shamba la maua Naivasha anayeuza nje ya nchi na mama anayeuza kabichi soko la Wakulima, wote hawamtozi mnunuzi kodi hiyo, kuna tofauti gani? Tofauti ni kwamba maua yanayouzwa nje yanatozwa asilimia sifuri, kwa hiyo mwenye shamba aliyesajiliwa anaweza kudai kodi aliyolipa alipokuwa ananunua maboksi ya kufungashia. Kabichi ambazo hazijasindikwa zimesamehewa kodi, na aliyesamehewa hana cha kudai. Sifuri na msamaha vinafanana machoni pa mnunuzi tu. Jibu hilo nikilitoa kwa maneno yangu, najua nimelishika.

Kijana wa boda alikuwa na shida ya ngeli. Zoezi lenye kichwa "Ngeli ya U-ZI" anapata kumi kwa kumi. Akipewa karatasi ya pili ya Kiswahili ya mwaka wowote uliopita anaanguka. Tukakaa tukaangalia. Ukuta umebomoka. Mti umeanguka. Ugonjwa umeenea. Umoja wote unaanza na "u", na kichwa cha zoezi ndicho kilichokuwa kinamjibia. Sasa tunamchanganyia: kuta zimebomoka, miti imeanguka, magonjwa yameenea, hapo katikati tunatupa kisu na viatu, na hajui kinachokuja. Wiki ya kwanza alichukia. "Madam, mnanirudisha nyuma." Alama zake za mazoezi zilishuka kweli, na ndivyo inavyokuwa. Doug Rohrer na Kelli Taylor waliona hivyohivyo mwaka 2007 walipowapa wanafunzi hesabu za ujazo wa maumbo. Waliofanya mazoezi ya aina moja moja walifanya vizuri siku ya mazoezi kuliko waliochanganyiwa. Mtihani wa wiki moja baadaye, waliochanganyiwa walipata asilimia 63 na wenzao 20. Nilimwonyesha tarakimu hizo. Akasema sawa, lakini bado anachukia.

Ukitaka kujua mambo yanayomtofautisha mwanafunzi na mwenzake huku kwetu, tazama maisha yake kabla ya kutazama macho na masikio. Mimi nina meza. Dada muuguzi anaishi chumba kimoja na wadogo zake wawili, tokeni za stima zikiisha siku ya ishirini hawanunui hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo kadi zake ngumu anazifanya mchana kwenye maktaba, na usiku anajiuliza maswali kichwani akiwa amelala gizani. Mama Saluni hawezi kusoma Jumamosi, siku ya wateja, basi Jumamosi tumeifuta kwenye ratiba yake na hatumlaumu. Mimi saa tano usiku sielewi kitu, ila saa kumi na moja asubuhi, kabla ya jogoo wa jirani na kabla ya baridi ya Nakuru kuondoka, kichwa changu ni chepesi. Hayo ndiyo ya kuandika kwenye fomu, kama lazima kuwe na fomu: una mwanga saa ngapi, una kimya saa ngapi, nani anaweza kukuuliza maswali, unalala saa ngapi. Kulala nako ni kusoma, maana usingizi husaidia ubongo kuyatuliza yale ya mchana. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anajinyima hilo.

Na mapendeleo hatuyatupi jalalani. Kijana wa boda anapenda masikio yake, na muda mwingi yuko stejini anasubiri wateja. Alikuwa anajirekodi akisoma muhtasari wa historia kisha anajisikiliza. Nikamwomba abadilishe kitu kimoja tu: arekodi swali, anyamaze muda wa kutosha kujibu, ndipo aseme jibu. Sauti ni ileile na simu ni ileile, lakini sasa analazimika kutafuta jibu kabla ya kupewa. Pikipiki ikiwaka, masikioni hakuna kitu, hilo tulikubaliana kwanza.

Shida ni kwamba anajibu kwa sauti. Wenzake wa stejini walimcheka sana mwanzoni, kisha mmoja wao akaanza kumpiku kwenye majibu ya Mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885, na juzi huyo mwenzake aliniuliza fomu za mtahiniwa wa kibinafsi zinapatikana wapi.